Vidoa Sitini na Vitatu

Sehemu ya kumi na moja

Mfuniko ulikuwa bado mkononi mwa Mzee Koki.

Juma zima, wasomaji, mmemwacha mtu mzima wa miaka arobaini na tisa amesimama mbele ya kabati la joto la maabara. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa mazingira, masomo ya jioni, kafungua kisahani cha kioo kisichozidi kiganja cha mtoto, na ndani yake kaona kitu ambacho hakikutakiwa kuwepo. Baadhi yenu mmeandika kuuliza kama ni mjusi.

Si mjusi. Laiti ingekuwa mjusi.

Vilikuwa vidoa. Vidogo, vya manjano, vimetapakaa juu ya karatasi ya chujio kama upele. Alivihesabu mara ya kwanza akapata sitini na viwili. Akamwomba Mungu, akavihesabu tena, akapata sitini na vitatu.

Kwa asiyeijua kazi hii, kila kidoa ni ukoo mzima wa vijidudu vya chooni. Mzee Koki alikuwa amepima maji ya kisima cha bweni, kabla na baada ya kupita kwenye pipa la mchanga alilolijenga kwa mikono yake. Huo ndio uliokuwa mradi wake wa mwisho. Visahani vya kisima vilijaa vidoa, kama ilivyotarajiwa. Visahani vya pipa vilikuwa na kidoa kimoja, viwili, kimoja. Pipa lilikuwa limefanya kazi kuliko hata alivyoota.

Balaa lilikuwa kwenye kisahani cha mwisho, kile kinachoitwa kidhibiti. Hicho hakimwagiwi maji ya kisima wala ya pipa. Humwagiwa maji ya maabara yenyewe, maji ya mvuke, safi kupita maelezo. Kazi yake duniani ni moja tu, kubaki kitupu. Kikibaki kitupu, mikono yako ni safi na majibu yako yote ni ya kweli. Kikiota kitu, tupa vyote.

Kilikuwa kimeota vitu sitini na vitatu.

"Mikono, mzee wangu," ilisema sauti nyuma yake.

Alikuwa Daktari, msimamizi wa mradi wake, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, wa umri wa kifungua mimba wa Mzee Koki. Alimheshimu sana mzee wake. Alimwamkia kila jioni kwa kuinama kidogo, kisha akamkata alama akiwa amenyooka.

Mzee Koki alijieleza. Kwamba alijipaka spiriti hadi kwenye viwiko. Kwamba kibano alikipitisha kwenye moto mara tatu, na mara ya nne kwa ajili ya dhamiri. Kwamba alipokuwa akimwaga maji yale alibana pumzi mpaka macho yakaona nyota. Daktari alimsikiliza kwa upole, kama mama anayesikia namna glasi ilivyojiangusha yenyewe.

"Umefanya kazi ya bomba miaka thelathini," alimwambia. "Hiyo mikono imezoea. Sikulaumu."

"Daktari, mikono hii ni safi."

"Kisahani kinasema nini?"

Kisahani kilisema sitini na vitatu.

Sasa shikeni hili, maana ndilo lililomkausha mate. Masomo ya jioni pale chuoni yalikuwa na kikomo cha miaka sita, hakuna wa saba, na huu ulikuwa wa sita. Jopo lilikuwa linakaa kesho saa kumi na moja jioni. Kidhibiti kikiwa kichafu, mradi ni sifuri. Mradi ukiwa sifuri, hakuna shahada. Miaka sita ya kutoka kazini na matope kwenye soli, ya kusinzia juu ya hesabu za mtiririko wa maji, ingeishia kwenye kidole cha Daktari kilichokuwa kikielekeza kisahani.

Tena, hakuwa na mlango mwingine wa kurudia. Cheti cha sekondari ya juu hakuwa nacho. Aliingia chuoni kwa barua moja tu, iliyosema kwamba mtu huyu ndiye aliyefunga mabomba yote ya jengo la idara, bila kasoro, miaka kumi na miwili iliyopita, na kwamba ujuzi wa namna hiyo una uzito wa cheti.

Na halikuwa jengo la kawaida. Lilitumia maji yake mara mbili. Maji yaliyotoka kwenye masinki yalishuka kwenye mabwawa ya nyuma, yakasafishwa kiasi, yakapandishwa tena kwenda kusukuma vyoo. Wageni walikuja na kamera. Mkuu wa idara alipanda cheo kwa sababu ya jengo lile, na hotuba yake kulihusu ilikuwa imefikia dakika arobaini.

Mzee Koki naye hakupita kwenye korido bila kugonga ukuta kwa vifundo vya vidole na kuwaambia vijana wa darasani mwake, "Hili nimelifunga mimi." Vijana wakampa jina la koki, na jina likamkaa.

Alitoka kwa Daktari akiwa amepewa ushauri wa kitaaluma, yaani aandike barua ya kujiondoa kabla jopo halijamwondoa.

Hakwenda kuandika barua. Alikwenda stoo ya maabara, kwa Chupa.

Chupa ndiye aliyetunza maabara. Jina lilitokana na chupa ya maji aliyotembea nayo kwapani kutoka nyumbani kila siku, mvua iwepo jua liwepo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameinyoosha miguu kama mtu aliyekwisha kustaafu lakini hajaambiwa.

Alisikiliza kisa chote bila kupepesa. Kisha akauliza swali ambalo Mzee Koki hakulitegemea.

"Kwani, mzee, umemwaga kidhibiti kweli?"

"Si ndiyo taratibu?"

"Ndiyo taratibu kwenye kitabu." Chupa akajikuna shingo. "Lakini hakuna anayemwaga. Kisahani kinachojulikana jibu lake, umwage cha nini? Watu wanaandika sifuri wanakwenda zao. Mwaka wa saba huu niko hapa. Wewe ndiye wa kwanza."

"Wote wanaandika sifuri?"

"Wote. Hata yule..." Chupa akaelekeza kidevu upande wa ofisi ya Daktari. "Wakati anaandika tasnifu yake, nilimwandalia vyombo mimi. Visahani vya kidhibiti vilirudi vikiwa bado ndani ya karatasi yake."

Mzee Koki akatafuta pa kukaa, akakosa, akaegemea rafu. Kwa miaka sita alikuwa akihesabu ushamba wake mbele ya watoto hawa wenye vyeti, na kumbe ushamba wake mkubwa ulikuwa kufuata maelekezo.

Chupa hakuwa mtu mbaya. Alichukua fomu ya matokeo mfukoni mwa mzee, akailaza juu ya goti, na mbele ya neno kidhibiti akaandika sifuri kwa penseli, sifuri nzuri, ya mviringo kamili.

"Ukiipenda, pitisha kalamu juu yake. Usipoipenda, futa," alisema. "Mimi sijaona kitu."

Mzee Koki aliitazama ile sifuri. Alikiri baadaye kwa mkewe kwamba aliipenda.

Lakini kichwa chake kilikuwa kimeshika njia nyingine. Fundi wa bomba akiona maji pasipotakiwa, halaumu sakafu, anafuata bomba. Kama mikono ilikuwa safi, basi maji.

"Chupa, haya maji ya mvuke yanatoka wapi?"

Chupa akafungua chupa yake akanywa, akaifunga kwa makini.

"Miaka sita nakuona unabeba maji ya nyumbani," mzee akaendelea. "Kwa nini?"

"Tumbo langu na jengo hili havielewani."

"Maji ya mvuke yanatoka wapi, ndugu yangu?"

Basi Chupa akainuka, akaenda pembeni, akavuta kitambaa cha meza chenye maua. Chini yake kulikuwa na mtambo wa kuchemsha maji na kukusanya mvuke, na juu ya mtambo buibui alikuwa amejenga kwa utulivu. Ulikufa miaka mitatu iliyopita. Barua za kuomba utengenezwe ziliandikwa, nakala zilikuwepo, na majibu ya nakala yalikuwepo. Dumu lenye kibandiko cha maji ya mvuke alikuwa akilijaza kwenye koki nyeupe ya korido.

"Ile ni ya maji ya kunywa, mzee," alijitetea. "Yanatoka bomba kuu. Mkuu wa idara mwenyewe anachemshia chai."

Ilikuwa saa nane mchana. Mzee Koki alifanya jambo ambalo lingemfurahisha kila mwandishi wa kitabu cha maabara, kama angekuwepo. Aliweka maji kwenye sufuria la mvuke, lile la kuulia vijidudu kwenye vyombo, akayachemsha saa nzima na kuyaacha yapoe chini ya kifuniko chake. Hayo akayamwaga kwenye kisahani cha kwanza, ili kuipima mikono yake. Kisha akakinga maji kwenye koki nyeupe, akayamwaga kwenye kisahani cha pili. Vyote akavifungia kwenye kabati la joto kwa siku moja.

Vingesomeka kesho saa kumi kasorobo. Saa kumi na moja ni jopo. Mungu alikuwa amempimia muda kwa kijiko.

Nyumbani alimkuta mkewe kwenye cherehani, anapunguza kiuno cha gauni la jirani. Alimweleza yote, pamoja na ile sifuri ya penseli, kisha akapiga magoti ubavuni mwa kitanda kabla hata ya kuvua viatu. Mkewe akasimamisha cherehani kwa heshima, na pia ili asikie.

Aliomba kwa sauti, kama kawaida yake. Hakuomba afaulu. Aliona ni aibu kumsumbua Mungu kwa alama. Aliomba Mungu amfichue aliyechafua maji yale, amweke wazi mbele ya watu wote, hata kama ni mkubwa kiasi gani.

"Baba watoto," mkewe alisema baada ya amina, "kwa nini hukuomba tu kisahani kiwe kitupu?"

"Nimeomba haki."

"Haya. Ila Mungu akijibu, usije ukamwambia hukumaanisha."

Akakanyaga cherehani yake, na mazungumzo yakaishia kwenye mlio wa sindano.

Kesho yake, saa kumi kasorobo, Mzee Koki alifungua kabati la joto.

Kisahani cha kwanza, cha mikono yake, kilikuwa kitupu. Hakuna kidoa. Karatasi ilikuwa nyeupe kama shuka la hoteli. Alikibusu kwa nje, kwenye kioo.

Kisahani cha pili, cha koki nyeupe, hakikuhesabika. Vidoa vilikuwa vimepandana, vimeshikana, vimekuwa blanketi moja la manjano. Vile sitini na vitatu vya dumu vilikuwa mabaki tu ya vijidudu vilivyochoka kwa kukaa ndani. Hivi vilikuwa vibichi.

Alimwita Daktari. Daktari alikuja na kalamu, tayari kupokea barua ya kujiondoa. Alikitazama kisahani cha kwanza, akainua nyusi. Akakitazama cha pili kwa muda mrefu. Akavuta kiti.

"Nimekunywa glasi mbili leo asubuhi," alisema.

Wote wawili wakakumbuka jambo moja kwa wakati mmoja. Kila mwaka, wiki ya tatu, wanafunzi wapya wa idara walishikwa na tumbo. Zahanati ya chuo ililiita tumbo la woga wa masomo, ikamleta mtaalamu wa saikolojia kuwapa mhadhara. Mtaalamu mwenyewe alimaliza mhadhara mapema mwaka uliopita, akatoka mbio, na watu wakadhani ana kikao.

"Daktari," Mzee Koki akauliza kwa unyenyekevu wote, "na kwenye tasnifu yako, kidhibiti kilitoa ngapi?"

"Sifuri," alijibu upesi. Kisha akainamisha macho, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita hakusema mzee wangu.

Lakini Daktari hakuwa mtu wa kukaa chini muda mrefu. Alisimama akiwa amepata mkosaji. Maji ya bomba kuu hupimwa kila wiki na mamlaka ya maji, hayana shida. Basi uchafu umeingilia humu humu ndani, kwenye mabomba. Fundi mmoja mjinga aliyefunga jengo hili, alisema akisahau aliyesimama mbele yake, alikuwa ameunganisha kitu vibaya, na watu wazima wenye shahada wakanywa maji ya vyooni miaka kumi na miwili.

Hapo ndipo Mzee Koki alipokosea, wasomaji. Angenyamaza, angekuwa salama. Mradi wake ulikuwa umeshapona. Lakini mtu anaweza kuvumilia kuambiwa mikono yake ni michafu, asivumilie kuambiwa bomba lake limevuja.

"Mabomba haya nayajua," alisema kwa sauti ya kuumia. "Hakuna kosa juu huko. Lete ngazi nikuthibitishie."

Chupa akaleta ngazi. Mzee Koki akavua koti la jopo, akachukua tochi na msumeno wa chuma kutoka kwenye mkoba ambao hakuwahi kuuacha nyumbani hata siku ya mtihani, akasukuma ubao wa dari, akapotea hadi kiunoni, kisha akapotea mzima.

Kule juu vumbi lilikuwa la miaka kumi na miwili, lakini mabomba aliyatambua kama watoto wake. Hili la kushoto, safi, kutoka bomba kuu. Hili la kulia, la vyoo, kutoka mabwawani. Yalikwenda sambamba, hayagusani, jinsi alivyoyalaza. Alitambaa akiyamulika na moyo wake ukapata raha. Kazi nzuri ni kazi nzuri.

Juu ya korido, mahali penye koki nyeupe, raha ikakatika.

Kati ya bomba safi na bomba la vyoo kulikuwa na kipande kifupi kimelala kama daraja, urefu wa mkono hadi kiwiko, na katikati valvu moja ndogo, ya kuzuia maji yasirudi nyuma. Mpira wa valvu ulikuwa umeoza. Maji ya mabwawani, yenye nguvu zaidi, yalikuwa yakipenya polepole na kuingia upande wa pili, mchana na usiku, bila haraka, tangu lini, hakuna ajuaye.

Akafuta vumbi kwa kidole gumba. Kwenye kipande kile kulikuwa na maneno yamechorwa kwa msumari. KWA NEEMA. Na tarehe.

Ilikuwa tarehe ya ufunguzi wa jengo.

Ikamrudia yote. Asubuhi ile wageni walikuwa njiani na maji ya mabwawa yalikuwa hayajapanda. Vyoo vya maonyesho vilikuwa vikavu. Akaunganisha kipande cha muda, ili bomba safi livilishe vyoo kwa siku moja tu, akitarajia kukikata mchana. Akachora maneno yake, kama alivyochora kwenye kila kazi aliyoimaliza. Akiwa bado juu, akaitwa ashuke haraka. Mchungaji aliyealikwa alikuwa amechelewa, na kila mtu pale kazini alimjua fundi mmoja anayeomba vizuri.

Alishuka akaongoza sala ya ufunguzi. Aliomba dakika kumi na moja, akabariki kila tone litakalopita katika jengo lile. Watu waliguswa. Baada ya sala kulikuwa na picha, baada ya picha kulikuwa na soda, na baada ya soda akaenda nyumbani.

Alikaa darini kama dakika tano, akimfafanulia Mungu kwamba ombi la jana lilikuwa la jumla.

"Umeona nini huko?" Daktari aliita kutoka chini.

"Nimekiona," alijibu.

Alifunga maji pande zote mbili, akakata kile kipande, akaziba ncha, akafungulia maji tena, kisha kipande akakiviringisha kwenye taulo na kukitia mkobani. Mtu yeyote angepanda baada ya hapo angeona mabomba mawili, hayagusani, jinsi yalivyolazwa. Chini ya ngazi Daktari alikuwa anatazama saa. Mkoba ulikuwa umefungwa zipu. Mfukoni kulikuwa na fomu yenye sifuri ya penseli.

Saa kumi na moja jopo likakaa. Mkuu wa idara alikaa katikati, na mbele yake kikombe cha chai.

Mzee Koki hakuwahi kuzungumza vizuri vile. Alieleza kisima, alieleza pipa, alieleza visahani vyote. Mbele ya neno kidhibiti alikuwa amefuta penseli na kuandika kwa wino sitini na tatu, kisha akaeleza kwa nini. Alipotaja koki nyeupe, kikombe cha Mkuu kilisimama katikati ya safari.

Daktari alimtetea kama wakili. Alisema katika miaka yake yote hajaona mwanafunzi aliyefuata taratibu kwa uaminifu namna hii. Jopo likanong'onezana. Mmoja akasema hadharani kwamba huu ndio mradi bora wa mwaka.

Mkuu hakunong'ona. Macho yake yalikuwa yameiva. Alitaka kujua jambo moja tu, ni fundi gani huyo, maana majina ya mafundi hakuwahi kuyashika. Alimtuma Chupa masjala akalete faili la ujenzi. Alisema mtu huyo atanyang'anywa leseni, ataandikwa, na kama ana cheti chochote kilichotokana na jengo hili, kitafutwa leo leo kabla chai haijapoa. Kisha akaitazama chai, akaisogeza mbali.

Mzee Koki aliuweka mkoba juu ya meza. Akatoa taulo. Akalifungua.

Daktari ndiye aliyekuwa karibu, ndiye aliyeona kwanza. Kwa miaka sita alikuwa amesahihisha kazi za mzee huyu, na kila ukurasa wa kwanza, juu kabisa, uliandikwa kwa herufi zile zile kubwa: Kwa neema. Kwa haraka ya mtu anayezuia maziwa yasimwagike, akalaza fomu ya matokeo juu ya kile kipande cha bomba.

"Kaa chini, mzee wangu," alinong'ona. "Wamekwisha kukupitisha. Kaa."

Jina lake la heshima lilikuwa limerudi. Mzee Koki alilisikia, akashukuru moyoni. Kisha akaiondoa fomu.

"Hakuna haja ya faili, Mkuu," alisema. "Mwandiko huu ni wangu. Bomba hili nilitakiwa nilikate siku ya ufunguzi. Nilishuka kuomba, nikasahau."

Kwenye korido likasikika tangi la choo likijaa, kwa maji ambayo sasa, angalau, yalikuwa yakienda kunakohusika.

Mkuu alifungua faili la mwanafunzi, akaitafuta barua ya kuingia chuoni, akazungumza kwa utaratibu, kama anayesoma. Barua iliyomwingiza mwanafunzi huyu ilisema alifunga jengo hili bila kasoro. Kasoro imepatikana. Kwa hiyo barua ni batili. Bila barua hakuna mwanafunzi, na bila mwanafunzi hakuna mradi, hata uwe bora wa mwaka. Alivuta fomu ya Mzee Koki, akatoa kalamu yake ya wino, akatafuta mahali pa kuandika sifuri.

Mzee Koki alifumba macho. Hakuomba chochote. Aliogopa kujibiwa.

Mlango ukafunguliwa. Chupa akaingia na faili la ujenzi, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi.

"Lirudishe," Mkuu alisema bila kuinua kichwa. "Tumeshampata."

Lakini Daktari alikuwa amelipokea. Alitaka tu, alisema, kuthibitisha kwa ajili ya kumbukumbu. Pengine alitaka kumwongezea mzee dakika moja. Akafungua ukurasa wa kwanza, na kweli lilikuwepo jina la fundi. Akafunua ukurasa wa pili, cheti cha ukaguzi.

Alikisoma mara moja. Akakisoma tena, kama mtu anayehesabu vidoa.

Kilisema: Nimepanda darini, nimekagua bomba kwa bomba. Kasoro, sifuri. Chini yake kulikuwa na sahihi ndefu yenye mkia uliojikunja mara mbili, ya mhandisi kijana wa wakati ule. Na juu ya meza, kwenye fomu ya Mzee Koki ambako Mkuu alikuwa anatia sahihi, mkia ule ule ulikuwa umeanza kujikunja mara ya kwanza.

"Mkuu," Daktari alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole ule ule wa kukata alama. "Ukurasa wa pili niusome kwa sauti, au utausoma mwenyewe?"

Kalamu ya Mkuu wa idara ikasimama. Mlangoni, Chupa akazungusha kifuniko cha chupa yake taratibu, akanywa funda moja, akasubiri.